Obonyo Mwana wa Fulani

Spika ya kwanza ya bendi kuingia nyumbani kwa Selpha ilianza kazi kwa kuwatangazia majirani dawa ya kunguni.

Ilikuwa ile spika ya mdomo mpana ambayo wachuuzi hufunga juu ya mikokoteni. Ondiek, mumewe, aliipata kwa bei ya kutupa, na alipoingia nayo uani, mtaani Nyalenda huko Kisumu, aliibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa ubatizo. Bendi yote ilikuwa inamngoja, maana bendi yote ilikuwa watu watatu: yeye mwimbaji, Waswa wa gitaa, na Mukhwana wa ngoma. Ondiek akaunganisha waya, akasafisha koo, akabonyeza. Kabla hajatamka neno, spika ikatoa sauti ya mwanamume mwingine kabisa, akisema kunguni, mende na panya wote wanakufa, na kwamba usikubali kulala na adui kitandani. Ikarudia. Ikarudia tena, kwa sababu kitufe cha kuizima kilikuwa kimeng'oka zamani. Mama wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta akauliza ni pesa ngapi, na kama inaua viroboto pia.

Selpha alikuwa langoni akikaanga samaki wa kuuza. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Kisha akakumbuka Usenge, na kicheko kikamkauka.

Mwaka uliopita, babake, Mzee Obonyo, alipozikwa huko Usenge, bendi ya Ondiek ilipiga usiku kucha. Kupiga ilipiga. Lakini gitaa la Waswa lilikuja na amplifaya yake kubwa, ngoma za Mukhwana hazikuhitaji msaada wa mtu, na Ondiek aliimba kwa maiki ya kuazima iliyokuwa ikifa na kufufuka itakavyo. Waombolezaji waliona mdomo ukifunguka na kufungwa. Tom, mdogo wake Selpha, mwenye trekta za kubeba miwa kule Muhoroni, aliinamia sahani yake akauliza kwa sauti iliyofika meza tatu, "Kwani shemeji anaimba ama anatafuna?"

Meza tatu zikacheka. Selpha akalia, na kwa kuwa yalikuwa matanga, hakuna aliyemuuliza analilia nini.

Sasa mwaka ulikuwa umepita na familia ilikuwa inaandaa rapar, yaani ile kumbukumbu ambapo marehemu husomewa sala, kisha watu wakala na kumsifu. Tom alikuwa amepiga simu kusema amepata DJ wa kutoka Bondo mwenye spika ndefu kama milango. Selpha, aliyezaliwa wa kwanza kwao, akajibu kwamba wimbo wa baba utaimbwa na mume wake. Walivutana, mwishowe Tom akakubali kwa sharti moja. Wimbo wa kwanza usiposikika maneno, DJ awashe mitambo yake na shemeji akae chini ale.

Hapo ndipo palipomuuma Selpha. Wimbo ulikuwa mzuri, aliamini hivyo, ijapokuwa hakuwahi kuusikia wote. Shida ilikuwa mazoezi. Kila jioni Ondiek alishindana na gitaa kwa koo tupu, na kufikia Ijumaa sauti ilikuwa imekwaruza kama bawaba yenye kutu. Jumamosi, siku yenyewe ya kuimba, alikuwa na tabasamu tu.

"Hiyo spika rudisha," alimwambia. "Na maiki mpya utanunua wewe. Hizo zingine nitatafuta mimi mwenyewe."

"Unajua nini ya spika, Mama Debra?"

"Najua haifai kuuza dawa."

*

Jumapili, kanisa lilipotoka, Selpha alienda soko la Kibuye kwa Zacchaeus Mburu, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme vilivyotumika. Mburu alifika Kisumu akiwa kijana, akitokea Nyeri, akiogopa miiba ya samaki. Siku hizi alikula mpaka kichwa, na Dholuo, lugha ya Wajaluo, alijua kiasi cha kukataa kupunguza bei.

Alikuwa na amplifaya yenye matundu manne ya maiki, na spika moja ya sanduku la mbao iliyotoka katika hoteli iliyofungwa. Aliiwekea mahubiri ya redioni ili Selpha asikie. Mhubiri alisikika hata alipokuwa akivuta pumzi. Selpha akauliza bei, akaambiwa, akacheka kwa adabu kama mtu aliyesikia habari za nchi nyingine. Walibishana mpaka wateja wawili wakaja na kuondoka. Ndipo Selpha akasema lile aliloapa njia nzima kwamba hatalisema: kwamba nyumbani ana sabufa, nzima, haijawahi kufunguliwa na fundi.

Sabufa ile ndiyo iliyokuwa sura ya nyumba yake. Ilikaa chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na wageni walikaribishwa wakiitazama. Mburu alikubali kuipokea, akaongeza kwamba tofauti iliyobaki atalipwa kwa samaki wa kukaanga kila Ijumaa, mpaka atakaposema imetosha. Selpha hakuyapenda maneno hayo ya mwisho. Mburu hakusifika kwa kusema imetosha.

Kuipitisha sabufa uani mchana kweupe ndiko kulikomkata maini. Yule mama wa nyumba ya pili aliuliza kama wameiuza.

"Inaenda kutengenezwa," Selpha alisema.

"Imeharibika? Si jana ilikuwa inaimba?"

"Ndiyo maana. Imeimba sana."

Alirudi akakuta mstatili usio na vumbi pale ilipokuwa imekaa, na kitambaa kimefunika hewa. Alikikunja akakiweka ndani ya kabati. Alijiambia kwamba ni kwa ajili ya baba, na kwamba baba mwenyewe angemuuliza kwa nini hakumkamua Mburu zaidi. Mzee hakuwa mtu wa kumsifu mtoto usoni. Akiletewa chakula kitamu aliuliza chumvi iko wapi.

*

Mitambo ikaunganishwa. Stendi ya maiki ilikuwa mpini wa jembe uliosimamishwa ndani ya ndoo ya saruji, na maiki ikafungwa juu yake kwa mpira wa blada ya baiskeli. Spika ikapandishwa juu ya kreti ya soda. Ilipendeza kwa namna yake, kama bibi harusi aliyeazima kila kitu isipokuwa meno.

Jioni ya kwanza ilipiga mluzi. Haukuwa mluzi wa kumwita mtu, ulikuwa wa kutoboa kichwa. Ondiek akisogea mbele, inalia. Akirudi nyuma, inalia. Waswa alisema ina pepo wa ile hoteli. Waliihamisha spika pembe zote za ua mpaka wakagundua kwamba kila maiki ilipotazamana nayo uso kwa uso, zilianza kupigiana kelele, na maiki ilipoipa mgongo, zikatulia. Selpha akasema kumbe ni kama watu fulani anaowajua. Ondiek hakuuliza ni watu gani.

Likabaki gitaa. Sauti ya Ondiek ilisikika pale tu Waswa alipopumzika, na Waswa hakuwa mtu wa kupumzika.

"Gitaa ikilala chini, mama, wimbo inakufa," alijitetea.

"Waswa, mafuta yangu ikichemka na makelele, mimi sipigi kelele juu yake. Napunguza moto."

Akaenda akaizungusha swichi ya sauti ya gitaa kwa kidole chenye mafuta ya samaki, mpaka chini. Waswa alitazama kama mtu aliyevuliwa suruali mbele ya watu. Lakini walipoanza tena, sauti ya Ondiek ilitoka, nyororo, haina haja ya kupigana na mtu, na Selpha akavuta kiti karibu na karai lake akaketi.

Wimbo ulikuwa wa Dholuo. Ubeti wa kwanza ulimsifu Obonyo fundi wa mashua, aliyeunda mashua zikaelea na meza zikayumba. Ilikuwa kweli tupu. Selpha alikulia kwenye meza yenye kijiti chini ya mguu mmoja, na aliposikia hivyo alicheka huku macho yakimlowa. Halafu ukaja ubeti wenye uzito. Kwa Wajaluo, mtu hasifiwi akiwa peke yake kama kisiki. Hutajwa yeye, akatajwa babake, na babake babake, mpaka anayesikiliza ajue shina lilipo.

"Obonyo wuod ng'ane," Ondiek aliimba kwa utamu wote aliojaliwa, "wuod ng'ane, wuod ng'ane, wa Usenge."

Wuod ni mwana wa. Ng'ane ni fulani. Mume wa Selpha alikuwa akiitangazia Nyalenda, kwa spika ya hoteli, kwamba Mzee Obonyo ni mwana wa fulani, mwana wa fulani, mwana wa fulani.

"Rudia hapo," Selpha alisema.

Ondiek akarudia, safari hii akiyameza maneno. Maiki mpya haikumficha. Iliyatoa yote pamoja na mate.

"Ng'ane ni nani?"

"Ni ya kujaza tu, Mama Debra. Inakaa poa na ngoma."

"Tangu lini?"

Ondiek alimtazama Waswa. Waswa alikuwa anakaza uzi wa gitaa ambao haukuwa umelegea.

"Tangu matanga," Ondiek akakiri. "Watu hawakuwa wanasikia."

"Na miaka yote umekaa na mimi, hujui baba yangu ni mtoto wa nani."

"Najua ni Obonyo."

"Obonyo wa nani?"

Ondiek akafikiri. "Wa Usenge."

Selpha aliumia, tena vibaya. Alimwambia kwamba ametoa sabufa yake, na Mungu ndiye ajuaye samaki wangapi, ili anunuliwe sauti safi ya kumwita baba yake fulani. Kwamba Tom atacheka mpaka aanguke kwenye kiti, na safari hii atakuwa na haki. Ondiek alisimama nyuma ya mpini wa jembe, mikono nyuma, kama aliyeitwa mbele ya baraza la kanisa.

"Haya, shika maneno," Selpha akasema hatimaye, akisimama. "Obonyo wuod Sijeny. Sijeny wuod Ondoro. Ondoro wuod..."

Akaanza upya kwa Obonyo, kama mtu anayerudi nyuma ili aruke mtaro. Sijeny akaja, Ondoro akaja, na baada ya Ondoro pakawa mtaro ule ule.

Ondiek hakuwa mtu mbaya, lakini alimjua mbuzi aliyejileta mwenyewe kichinjioni. Aliinamia maiki, ambayo bado ilikuwa imewashwa, akauliza kwa upole:

"Ng'ane?"

Mukhwana aliangusha fimbo ya ngoma. Waswa aligeukia ukuta, mabega yakitetemeka. Hata ng'ambo ya ukuta, yule mama mwenye viroboto alisikika akikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. Selpha akazima amplifaya, akaingia ndani.

Alikaa akiutazama ule mstatili usio na vumbi. Nyani haoni kundule, ndivyo wasemavyo, na leo alionyeshwa la kwake kwa spika. Majina yale baba aliyasema kila alipokuwa akipiga randa, jina kwa kila mvuto wa mkono, na yeye akiwa mtoto alifagia maranda akiwaza mambo mengine. Alidhani majina hayana miguu, atayakuta tu siku atakapoyataka. Aibu ilimshika, na chini ya aibu kulikuwa na kumkosa baba yake, jambo ambalo kwa mwaka mzima alilifunika kwa kumkasirikia Tom.

Alipotoka nje, uso ulikuwa umeoshwa.

"Itabidi tutafute waya," alisema.

"Waya gani tena imekatika?" Waswa akauliza, na kuanza kuchungulia nyuma ya amplifaya. Yeye alikuwa Mluhya, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba waya, kwa Dholuo, ni shangazi.

Kicheko hicho kiliwapatanisha wote.

*

Waya Rachael, dadake Mzee Obonyo, aliishi Usenge na simu ambayo aliishika mbali na sikio kwa kuogopa moto wake, kwa hiyo alipiga kelele na kudai kupigiwa kelele. Selpha akamweleza shida yake yote, pamoja na sehemu ambayo angependa kuiruka. Shangazi alicheka mpaka akaomba maji.

"Ondoro wuod Mbeka," alisema alipopumua. "Hata kuku wa hapa anajua. Sasa nipe huyo bwana yako, huyo wuod ng'ane."

Ondiek akapokea simu, akajibu ndiyo waya, ndiyo waya, kisha akatoka nayo langoni akisema mtandao ni mbaya. Selpha alimwona akisimama huku amejishika kiuno, akisikiliza. Mara moja aliuliza kitu. Mara moja aligeuka akamtazama mkewe, akageuka tena haraka. Aliporudi hakuwa na utani.

"Amesema nini?"

"Amesema nisikuambie."

"Sabufa nimetoa mimi, siri mnakula nyinyi," Selpha alisema.

Ondiek akaenda akawaambia wenzake waanze tena kwenye majina. Wiki yote iliyobaki aliyarudia akioga, akipaka rangi kwenye nyumba za watu, akila. Sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu waoane, ilifika Ijumaa ikiwa nzima. Siku hiyo hiyo Mburu alikuja kuchukua samaki wake, akachagua mkubwa, na hakusema imetosha.

*

Siku ya rapar, DJ wa Bondo alifika Usenge mapema. Spika zake zilisimama pande mbili za hema, na katikati, juu ya kreti ya soda, ikaketi spika ya hoteli na mpini wake wa jembe. Tom aliitazama, akaitembelea upande wa nyuma, akauliza kama hiyo ndiyo yote ama nyingine zinakuja. Selpha akamjibu kwamba ndiyo yote. Tom akamkonyeza DJ asiende mbali.

Sala zikasomwa, chakula kikatolewa. Tom akaketi meza ya mbele na mguu mzima wa kuku. Selpha alikuwa akipita na trei ya soda alipomwona mumewe akisimama.

Waswa alianza taratibu, na kabla ya neno la kwanza alinyoosha mkono mwenyewe akapunguza gitaa lake. Ondiek akaimba. Mashua zilipoelea, wazee wakatikisa vichwa. Meza zilipoyumba, wanawake wa jikoni wakacheka kwa sauti, kwa sababu nusu yao walikuwa na meza hizo. Kila neno lilifika. Kisha akashuka kwenye majina, moja moja, bila haraka. "Obonyo wuod Sijeny. Sijeny wuod Ondoro. Ondoro wuod Mbeka." Waya Rachael, kwenye kiti chake cha plastiki, aliyapokea kila moja kwa kugonga mkongojo chini. DJ akakaa.

Hapo gitaa likashuka zaidi. Kila mtu alijua maana yake. Ilikuwa nafasi ya pakruok, pale mtu mwenye noti husimamisha bendi, akashika maiki na kujisifu au kumsifu ampendaye, kisha bendi ikaendelea na yeye akabaki na mfuko mwepesi. Mzee Obonyo aliupenda mchezo huo kuliko afya yake. Mamake Selpha alikwenda kaburini akinung'unika kwamba pesa za mashua nzima ziliishia kwa wapiga gitaa wa Bondo, na kwamba hajui mzee alikuwa na nini cha kusema kilichogharimu hivyo.

Tom, kwa kuwa ndiye mwenye noti, alishaanza kupapasa mfuko kwa mkono usio na kuku. Ondiek akamwinulia kiganja, kwa heshima, amsubiri.

"Hii ya kwanza si yangu," alisema kwenye maiki. "Na imelipiwa zamani. Waya Rachael alikuwa anauza pombe ya busaa pale Bondo, nyuma ya jukwaa, na alisikia kwa masikio yake. Mzee akisimamisha bendi, hakuwa anajiita mwana wa mtu. Kila mara alitoa noti, akasema hivi."

Akavuta pumzi, na spika ikaileta hata pumzi hiyo.

"An Obonyo, wuon Selpha."

Mimi ni Obonyo, babake Selpha.

Waya Rachael akagonga mkongojo. Selpha alisimama na trei katikati ya hema. Noti zote zile. Mwanamume aliyeuliza chumvi iko wapi alikuwa akitembea mpaka Bondo, mbele ya walevi na wageni, kununua nafasi ya kutaja jina la binti yake. Selpha hakujua afanye nini na furaha kubwa hivyo mbele ya watu, kwa hiyo akaweka trei kwenye meza iliyokuwa karibu, iliyokuwa ya Tom.

Tom alikuwa ameacha mdomo wazi na kuku ndani yake.

"Tafuna, ndugu yangu," Selpha alimwambia kwa upole. "Utapaliwa."

Akafungua fundo la leso yake, akatoa noti aliyokuwa ameiwekea nauli ya kurudi, akaenda mbele akaipachika mfuko wa shati la mumewe. Ingekuwa imerudi nyumba ile ile kabla ya jua kuzama, lakini desturi ni desturi. Akaishika maiki. Aliishika vibaya, ikaiangalia spika usoni, na mluzi ukapiga hema lote. Selpha hakushtuka. Aliigeuza ikaipa spika mgongo, akangoja zitulie, akainama.

"Rudia hapo," alisema.